Kabla ardhi haijaganda: kuiandaa nyumba ya Minnesota kwa miezi ya theluji

Mpira wa kumwagilia bustani ukiachwa umefungwa kwenye koki ya nje mwezi wa kumi, hasara yake huonekana mwezi wa tano. Januari, maji yaliyonaswa ndani ya shingo ya koki huganda na kutanuka, na bomba hupasuka ndani ya ukuta bila mtu kusikia. Kwa kuwa vali imefungwa, hakuna hata tone linalovuja. Kisha joto linarudi, mwenye nyumba anafungua maji amwagilie sukuma wiki, anaona maji yanatoka kwa unyonge, na kumbe nusu yake inaingia ukutani na kuteremka hadi besimenti, ile ghorofa ya chini ya ardhi.

Karibu kila kinachoharibika katika nyumba ya Minnesota wakati wa baridi huharibika kwa njia hiyo. Kinachobomoa ni maji. Yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na bomba la shaba, zege, hata jiwe, vyote husalimu amri. Kwa hiyo anayeiandaa nyumba afuate maji: yako wapi, yanapita wapi, na yakikosa njia yataishia wapi. Ukishalijua hilo, utajua kazi ipi haingoji.

Maelezo haya ni hasa kwa aliyenunua nyumba yake ya kwanza baada ya miaka ya kupanga, awe Brooklyn Park, Brooklyn Center au kitongoji kingine ambako Waafrika Mashariki wamejenga maisha. Katika jengo la kupanga, kazi hizi hufanywa na watu usiowaona. Nyumba ya peke yake inapigwa na upepo pande zote nne, ina paa lake, mabomba yake, na njia yake inayokusubiri na beleshi.

Januari, wastani wa joto la usiku hapa Minneapolis na St. Paul ni kama nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na theluji ya msimu mzima hufika inchi 50 hivi, yaani sentimita 130. Lakini usitegemee wastani. Dhoruba iliyoanza Oktoba 31, 1991 ilimwaga inchi 28.4 kwa siku chache tu, na aliyekuwa amepanga kusafisha gata wiki ya kwanza ya Novemba hakupata nafasi tena. Kazi za nje ziishe katikati ya Oktoba. Gata peke yake ndizo hungoja majani ya mwisho yaanguke.

Maji ya nje kwanza

Tuanze na hiyo koki. Nyumba nyingi za miaka ya karibuni zina koki ndefu ambayo vali yake haiko mdomoni bali ndani, inchi 6 hadi 12 nyuma ya ukuta, kwenye joto. Ukifunga, maji yaliyobaki kwenye shingo hutiririka nje yenyewe. Haitaki kufunikwa wala kuvalishwa chochote. Inataka mdomo wake uwe wazi. Mpira ukibaki, maji hayana pa kutokea.

Koki ya zamani ni habari nyingine. Ingia besimenti, fuata bomba lake kutoka ukutani hadi uikute vali ya kulifungia. Ifunge. Toka nje ufungue koki. Rudi ndani: ubavuni mwa ile vali kuna kikofia kidogo cha shaba. Weka kikombe chini yake, ukilegeze. Utasikia hewa ikiingia, na maji yatashuka. Wengi huruka hatua hii, na bila hiyo maji hubaki yamening'inia ndani ya bomba kama soda kwenye mrija uliozibwa kwa kidole. Kaza kikofia, na koki ya nje iache wazi hadi masika.

Kama una mabomba ya kumwagilia yaliyofukiwa, muite fundi mwenye kompresa kubwa ayapulize mapema Oktoba. Kompresa ndogo ya gereji haina hewa ya kutosha kuyamaliza maji, na anayejaribu kufidia kwa kuongeza shinikizo huvunja vichwa na viungo. Hii ni kazi ya kulipia.

Gata zisafishwe kwa mkono, kisha mwaga ndoo ya maji upande mmoja uone kama yanatoka chini upande wa pili. Bomba la kushushia maji liongezwe urefu hadi futi 4 au 6 kutoka kwenye msingi, na lisielekee mahali watu wanapopita. Maji yake ya mchana yatakuwa kioo cha barafu jioni.

Kwenye besimenti yenye shimo la pampu, mimina ndoo mbili za maji humo. Boya lipande, pampu iwake, maji yatoke, pampu izime. Kisha nenda nje. Ule mpira mrefu wenye makunyanzi unaopeleka maji uani uondoe. Kila kunyanzi hubaki na maji, huganda, na siku theluji ikiyeyuka pampu itakuwa inasukuma dhidi ya kizibo. Ama injini itaungua, ama maji yatarudi yalikotoka. Acha kipande kifupi cha bomba nyoofu chenye mteremko.

Tanuru, na hewa inayoua

Mwite fundi wa tanuru, ile mashine inayopasha nyumba nzima joto, Septemba. Ukingoja usiku wa kwanza wa baridi kali, utapanga foleni na mji mzima.

Hata hivyo kuna mengi unayoweza kufanya mwenyewe. Filta ndiyo ya kwanza. Soma kipimo kilichoandikwa ubavuni, kwa mfano 16x25x1, nunua tano kwa pamoja, na ubadilishe kila mwezi mmoja hadi mitatu kutegemea vumbi, zulia na wanyama. Mshale wa filta uelekee tanuru. Filta iliyojaa uchafu inazuia hewa, chuma cha ndani kinapata moto kupita kiasi, swichi ya usalama inakata gesi, tanuru linapoa, linawaka tena, linakatika tena. Mwenye nyumba hudhani tanuru limekufa kumbe ni filta ya dola chache. Wala usikimbilie filta yenye namba kubwa sana ya MERV, kipimo cha uwezo wa kuchuja vumbi. Kwa filta nyembamba ya inchi 1, MERV 8 hadi 11 inatosha. Zaidi ya hapo matanuru mengi hupumua kwa shida. Ukimaliza, rudisha kifuniko kikae sawasawa, kwa sababu nyuma yake kuna swichi: kikikaa upande, tanuru haliwaki kabisa.

Kosa lingine la kawaida: moto unawaka, sekunde chache unazima, unajaribu tena mara kadhaa, kisha kimya. Mara nyingi tatizo ni kijiti cha chuma kinachotambua moto, kimepata utando. Husuguliwa taratibu kwa sufi laini ya chuma, umeme na gesi vikiwa vimezimwa. Taa ndogo inayopepesa ndani ya tanuru nayo inasema kitu: hesabu mipepeso, kisha soma jedwali lililobandikwa nyuma ya kifuniko.

Matanuru yenye ufanisi mkubwa hayatumii bomba la moshi la paani. Yana mabomba mawili ya plastiki yanayotokeza ubavuni mwa nyumba, moja la kuvuta hewa na moja la kutoa moshi. Yajue yalipo kabla ya theluji, na chomeka kijiti kirefu pembeni yake. Upepo ukijaza theluji hapo, tanuru huzima, na kwa kawaida ni usiku wa manane wakati dhoruba ingali inavuma. Tanuru la aina hii pia hutoa maji kupitia mpira mwembamba hadi kwenye tundu la sakafuni; mpira huo ukipita gereji au sehemu yoyote ya baridi, uvalishe insulesheni, yaani vazi la kuhifadhi joto, maana ukiganda tanuru linazima vilevile.

Sasa la kaboni monoksidi. Gesi hii haina harufu wala rangi. Sheria ya Minnesota inataka king'ora chake kiwe ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Kigeuze nyuma usome tarehe: king'ora kina umri wake, na kilichopita muda hakikulindi hata kama taa yake inawaka.

Na hapa naomba msomaji asimame kidogo. Umeme ukikatika na nyumba ikianza kupoa, wengi wetu tuliokulia kwenye jiko la mkaa tunajua namna ya kupasha chumba. Usiliwashe ndani. Nyumba za huku zimezibwa kuzuia upepo. Hewa ile ambayo jikoni kwa nyanya ilitoroka juu ya ukuta na kupenya makuti, hapa haina pa kutokea. Desemba 2006, dhoruba ya upepo ilipokata umeme katika jimbo la Washington, watu wengi walipata sumu hii kutokana na mkaa na jenereta, wahamiaji wakiwa wengi miongoni mwao, hata gazeti la Seattle Times likachapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Jiko la mkaa halifai ndani ya gereji pia, hata mlango ukiwa wazi. Jenereta ikae angalau futi 20 kutoka kwenye nyumba, moshi wake ukielekea mbali na madirisha. Oveni ya gesi nayo si hita. Wakiumwa kichwa watu wawili ndani ya nyumba kwa wakati mmoja, tokeni nje wote kwanza, kisha mpige 911 mkiwa nje.

Kuwinda upepo kwa udi

Kabla ya kununua chochote cha kuzibia, jua upepo unaingilia wapi. Subiri siku ya baridi yenye upepo. Zima tanuru, na hita ya maji ya gesi iweke kwenye kiwango cha chini kabisa ili moshi wake usivutwe ndani. Funga madirisha yote, washa feni za bafuni na ya jikoni. Sasa nyumba inavuta hewa kutoka nje kupitia kila tundu. Washa kijiti cha udi, kipitishe taratibu kuzunguka fremu za madirisha, mlango, soketi za kuta za nje, na pale ukuta unapokutana na sakafu. Moshi ukipanda wima, pazuri. Ukilala na kukimbia ndani, weka alama kwa kipande cha tepu. Ukimaliza, washa tanuru na rudisha hita ya maji ilivyokuwa, watu husahau.

Madirisha yafungwe kwa komeo, si kusukumwa tu. Komeo huvutanisha vioo viwili na kubana ukanda wake. Dirisha lisilokomewa linavuja hata likiwa jipya. Nyufa za nje zibwe kwa silikoni siku yenye joto zaidi ya nyuzi 5 za Selsiasi, kwenye mbao kavu. Chini ya hapo nyingi hazishiki. Mlango ujaribu kwa karatasi: ufunge ukiibana, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, ukanda wa mpira umechoka. Mwanga ukionekana chini ya mlango, badilisha mpira wa chini.

Ile nailoni ya kubandika kwenye madirisha inafanya kazi, na ni rahisi. Inayodondoka Januari ni iliyobandikwa kwenye fremu yenye vumbi. Futa fremu kwa spiriti, iache ikauke, bandika tepu ya pande mbili, ubonyeze vizuri, tandaza nailoni, kisha ikaze kwa mashine ya kukaushia nywele ukianzia pembeni kwenda katikati.

Pahali ambapo karibu kila mtu husahau ni besimenti juu kabisa, pale boriti za sakafu zinapokalia ukuta wa msingi. Kati ya boriti na boriti kuna mbao moja tu inayokutenga na nje. Kata vipande vya ubao wa povu wa inchi 2 vitoshee kila nafasi, visukume ndani, ziba kingo zote kwa povu la kopo. Ukitia sufi ya faibaglasi tupu, hewa yenye unyevu itapenya nyuma yake na kugandia kwenye mbao. Ukiwa hapo hapo, ziba kila tundu linalozidi unene wa penseli kwa sufi ya chuma na silikoni. Panya wanatafuta joto kama wewe.

Darini

Ukiwa na fedha na muda wa kazi moja tu mwaka huu, panda darini.

Baada ya theluji ya kwanza, asubuhi kabla jua halijapiga, simama barabarani utazame paa lako na la jirani. La jirani ni jeupe lote; lako lina mabaka yaliyoyeyuka. Mabaka hayo ni joto unalolilipia. Theluji iliyoyeyuka juu ya sehemu yenye joto huteremka hadi kwenye upenu, ambao chini yake hakuna chumba, na hapo huganda. Siku baada ya siku ukingo wa barafu hukua, na nyuma yake hufanyika bwawa. Vigae vya lami vimepangwa kumwaga maji yanayoteremka. Havikutengenezwa kuzuia maji yaliyotuama. Maji hupanda kinyumenyume chini ya vigae, hupenya ukutani, na doa la kahawia hutokea kwenye dari ya sebule. Ile mishikaki mirefu ya barafu ambayo watoto hupenda kupiga picha nayo mara nyingi ni dalili ya nyumba inayovuja joto.

Wengi hukimbilia kuongeza insulesheni, na ndipo wanapokosea mpangilio. Ziba hewa kwanza. Faibaglasi haizuii hewa, huichuja tu kama filta: ukiinua tabaka na kuona mabaka meusi, hapo ndipo hewa ya nyumba inapopanda. Fuata weusi huo hadi kwenye tundu lake. Utakuta matundu ya nyaya, nafasi kuzunguka bomba la choo linalokwenda paani, juu ya kuta za vyumba, na mlango wa darini usio na ukanda wowote. Ziba kwa povu la kopo, isipokuwa kuzunguka bomba la moshi. Hapo weka bati lililokatwa vizuri na silikoni inayostahimili moto, na insulesheni ikae mbali na bomba hilo.

Tazama pia misumari ya paa iliyotokeza kwa ndani. Asubuhi ya baridi kali ncha zake huota manyoya meupe ya barafu. Huo ni mvuke wa kupikia na kuoga uliopanda na kugandia kwenye chuma. Siku joto likipanda, misumari yote hudondosha kwa pamoja, na mwenye nyumba huita fundi wa paa kwa paa lisilovuja. Fuata bomba la feni ya bafuni: lazima litoke nje ya paa au ukuta. Yaliyoishia darini ni mengi mno.

Baada ya kuziba, ongeza insulesheni hadi kiwango cha R-49; R ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto lisipite. Kwa chenga za karatasi zinazopulizwa ni kama inchi 14. Kwa faibaglasi ya kupulizwa inakaribia inchi 20. Chukua rula uipime ya kwako: katika nyumba za zamani inchi 4 hadi 6 si ajabu. Kabla ya kupuliza, weka mifereji ya povu kati ya mbao za paa juu ya upenu ili matundu ya hewa ya chini yasizibwe. Darini panatakiwa kuwa na baridi ya nje.

Onyo moja. Kama nyumba ni ya zamani na ukakuta darini kokoto nyepesi zinazong'aa, za kijivu au rangi ya dhahabu, hiyo ni vemikulaiti. Usiikoroge, usiifagie, teremka ufunge mlango. Nyingi ilitoka mgodi wa Libby, Montana, ikiwa imechanganyika na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na kiwanda cha kuisindika kilikuwa hapa hapa kaskazini-mashariki mwa Minneapolis hadi 1989. Waite wenye leseni ya kuondoa asbesto.

Kwa mwaka ambao hujapata nafasi ya kushughulikia darini, nunua reki ya paa yenye mpini mrefu. Simama chini, pembeni, uvute theluji ya futi 3 au 4 za mwisho kila baada ya dhoruba. Angalia nyaya za umeme, maana mpini ni wa alumini. Usipande ngazi na shoka: utatoboa paa kabla hujavunja barafu. Bwawa likishafanyika, wapo wanaoliyeyusha kwa mvuke.

Mabomba usiku wa baridi kali

Vali kuu ya maji iko besimenti, pale bomba linapoingia karibu na mita. Kila mtu mzima ndani ya nyumba aijue, na ijaribiwe leo. Vali za zamani za gurudumu huganda kwa kutu, na ni afadhali uligundue hilo Oktoba kuliko usiku maji yanapomwagika.

Bomba lisilo na insulesheni huanza kuwa hatarini nje kukifika nyuzi 7 chini ya sifuri. Yanayoganda ni yale yale kila nyumba: chini ya sinki la jikoni lililo kwenye ukuta wa nje, juu ya gereji, na kona ya besimenti karibu na dirisha. Yavalishe mipira ya povu. Usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri fungua milango ya kabati la sinki, na acha koki, ya moto na ya baridi, zidondoshe kidogo. Sababu yake inafaa kueleweka: mara nyingi bomba halipasuki pale lilipoganda. Barafu husukuma maji kuelekea koki iliyofungwa, shinikizo hupanda, na bomba hupasuka katikati. Koki iliyo wazi inaliachia shinikizo hilo.

Likiganda, fungua koki, anza kulipasha kwa mashine ya nywele kuanzia upande wa koki ukirudi nyuma, ili maji yanayoyeyuka yapate njia. Usitumie moto kabisa. Nyumba zimeungua kwa njia hiyo.

Na mvuke wa ndani usiupuuze. Sufuria ya maharage ikichemka saa tatu bila feni, unyevu wote huenda kwenye vioo, na Januari vioo huota barafu kwa ndani. Ikiyeyuka, mbao za fremu zinaoza. Nunua kipima unyevu kidogo. Nje kukiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, unyevu wa ndani ubaki kati ya asilimia 25 na 30. Kukifika 29 chini, usizidi 20.

Theluji yenyewe

Chomeka vijiti kando ya njia ya gari kabla ardhi haijaganda. Desemba nyundo haitasaidia.

Minneapolis inakupa saa 24 baada ya theluji kuisha kusafisha njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba yako, upana wake wote, na ni kosa kuisukumia theluji barabarani. Piga beleshi mara mbili wakati dhoruba inaendelea badala ya kusubiri rundo lote. Sukuma kuliko kuinua, na mwenye shida ya moyo ampe kijana kazi hiyo. Mashine ya kurusha theluji ikikwama, zima injini na tumia kijiti, kamwe si mkono. Ulimi wake wa chuma unaweza kuwa umebana kama springi, na ukiachia hujizungusha hata injini ikiwa imezimwa.

Chumvi ya kawaida huacha kufanya kazi joto la njia likishuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri. Kuimwaga zaidi hakusaidii. Kloridi ya kalsiamu hufika karibu nyuzi 29 chini. Zaidi ya hapo tumia mchanga. Mamlaka ya mazingira ya jimbo inasema kikombe kimoja cha kahawa, wakia 12, kinatosha futi 20 za njia ya gari, na kijiko kimoja cha chai kinachafua galoni 5 za maji daima. Haya maziwa ndiyo tunayovua samaki. Zege lenye umri chini ya mwaka mmoja usilitie chumvi.

Bili, na safari ya Desemba

Kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, sheria ya Minnesota inamkinga mwenye nyumba asikatiwe huduma ya kupasha nyumba joto, lakini kinga haiji yenyewe. Ni lazima uipigie kampuni, mkubaliane mpango wa malipo, na uutimize. Piga kabla ya kuchelewa, na uombe mkalimani ukihitaji.

Wanaokwenda nyumbani kwa Krismasi na kukaa wiki nne, sikieni hili. Themostati isishuke chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, yaani 13 za Selsiasi. Funga vali kuu, fungua koki ya juu kabisa na ya chini kabisa hadi maji yaishe, vuta vyoo, hita ya maji iweke kwenye hali ya likizo. Nyumba inayopashwa kwa redieta za maji moto ni tofauti, muulize fundi kwanza. Soma mkataba wa bima: kwa kawaida hasara ya maji kuganda hulipwa tu kama uliacha joto likiwaka au ulimwaga maji. Muachie jirani ufunguo na umuonyeshe yale mabomba mawili ya plastiki ubavuni, kwa sababu baada ya dhoruba ndiyo ya kwanza kutazamwa. Na mtafute wa kupiga beleshi; saa 24 zinahesabiwa hata ukiwa Kisii.

Ukirudi, pandisha joto kwanza na uache nyumba ipate moto. Kisha mtu mmoja asimame juu kwenye koki iliyo wazi, mwingine ashuke kwenye vali kuu na kuifungua robo tu. Nyamazeni wote wawili msikilize. Hewa itakohoa kwenye koki, kisha maji yatatoka. Mkisikia maji yakipita mahali pengine popote, funga vali hapo hapo na muite fundi bomba kabla hamjafungua masanduku.